Insafu ya Vizuka Wanne

Katika makala zilizofika mezani pangu kwa ajili ya toleo hili la michezo ya video ya zamani, nyingi zimesimama juu ya hoja mbili ambazo, pamoja na heshima niliyo nayo kwa waliozileta, siwezi kuziacha zipite bila ya jibu. Ya kwanza ni kuwa mapenzi ya michezo hii ni majonzi ya utoto tu, na jibu lake ni fupi: mwezi wa Desemba mwaka 2023 mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliucheza mchezo wa Tetris uliotolewa na Nintendo mwaka 1989 hata programu yenyewe ikashindwa na kuganda, jambo ambalo hakuna binadamu aliyepata kulifanya kabla yake, wala mtu hawezi kuyalilia maisha ya zama zilizopita kabla hajazaliwa.

Ya pili ndiyo inayoniudhi, kwa kuwa inajidai kusifu ilhali inadhulumu. Yasema kuwa ufukara wa mashine zile, kumbukumbu yake haba na rangi zake za kuhesabika, ndio uliozaa uzuri. Lau ingekuwa hivyo, Pac-Man iliyotolewa na Atari mwaka 1982 kwa mashine yake ya nyumbani, mashine yenye baiti 128 tu za kumbukumbu ya kazi, ingeipita kwa mbali ile ya kabati la vyumba vya michezo iliyotolewa na Namco mwaka 1980, maana ilikuwa fukara kuliko hiyo mara nyingi. Tuliloliona ni kinyume chake: vizuka wanaomwinda mchezaji walipepesa kiooni kwa sababu walichorwa kwa zamu, na watu walioinunua kwa mamilioni walirudi nayo nyumbani wakasikitika. Dhiki ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni tadbiri.

Naomba basi msomaji aniruhusu nikae kidogo mbele ya kabati lile la Namco, kwani ndani yake ndimo ilimo hoja yangu yote. Toru Iwatani, aliyekuwa na umri wa miaka 25 mchezo ulipotoka, aliona vyumba vya michezo vya Japani vimejaa mizinga na maangamizi ya viumbe wa angani, akanuia kufanya mchezo utakaowavutia wanawake pia, akachagua kula badala ya kuua. Hayo yameandikwa mara nyingi. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba vizuka wanne wanaozunguka katika mzingile ule, ambao mtazamaji wa mara ya kwanza hudhani wanakwenda kama walivyoamka, kila mmoja wao ana kanuni yake asiyoivunja. Mwekundu hukufuata hapo ulipo. Wa waridi halengi ulipo, bali hulenga vigae vinne mbele ya uso wako ili akutangulie njiani. Kwa hiyo ukimkabili ana kwa ana kwa karibu, mara nyingi hugeukia pembeni penye njia panda, kwani shabaha yake imekwisha kuwa nyuma yake. Wa samawati hupima umbali toka alipo mwekundu hata vigae viwili mbele yako, kisha huuongeza maradufu, na kwa sababu hiyo hafahamiki mpaka uwe umemjua mwenziwe. Wa chungwa hukuandama akiwa mbali, lakini akikaribia chini ya vigae vinane huacha na kushika njia ya kona yake ya chini kushoto.

Hata taksiri za mchezo zina utaratibu. Ukielekea juu, kosa la hesabu lililobaki katika programu humfanya yule wa waridi alenge vigae vinne juu na vinne kushoto. Kosa hilo hutokea vile vile kila mara, na mchezaji hodari hulitumia. Vizuka wanapogeuka buluu na kukimbia ovyo, hapo tu ndipo penye bahati nasibu, na hata bahati nasibu hiyo huanza upya pale pale kila uhai mpya unapoanza. Natija yake ni kwamba mchezaji aliyekamatwa anaweza kukaa, kufikiri, na kueleza amekamatwa kwa sababu gani, kama afungwavyo mtu na fundi wa bao ilhali mashimo yote yalikuwa wazi mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo naiita insafu, nayo haikuletwa na uchache wa baiti. Ililetwa na watu walioamua kuwa anayeshindwa ana haki ya kujifunza.

Nasema haya nikiwa na jambo la leo moyoni. Iko michezo mingi ya sasa, mizuri kwa sura, ambayo kanuni zake zimefichwa kwa makusudi ili mchezaji anunue masanduku ya bahati asiyojua yaliyomo; serikali ya Ubelgiji mwaka 2018 iliona kuwa baadhi ya masanduku hayo ni kamari chini ya sheria zake, na mimi naona iliona sawa. Kijana wa kwetu anayejifunza kutunga michezo, na wako wengi Nairobi na Dar es Salaam, atafaidika zaidi akikaa na vizuka wanne wa mwaka 1980 kuliko akiiga biashara hiyo.

Makala nyingine zinajitosheleza. Ile ya Gunpei Yokoi, mbunifu wa Nintendo, na Game Boy yaonyesha vizuri jinsi kioo kisicho na rangi na betri nne zilivyoishinda Game Gear ya Sega yenye rangi na njaa ya betri sita. Ile ya muziki wa Koji Kondo, mtunzi wa Nintendo, isomwe huku sauti ya mchezo ikisikika. Ya mwisho, juu ya hifadhi, ndiyo nzito kuliko zote baada ya hoja yangu: utafiti wa mwaka 2023 wa Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani kwa njia ya halali.

Kwa hiyo nina ombi. Mwenye mashine ya zamani stoo asiitupe wala asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuiwasha. Achague mchezo mmoja, auchunguze adui wake mmoja mpaka ajue kanuni yake, aiandike kwa Kiswahili fasaha kinachoeleweka, atuletee. Kurasa za toleo lijalo zimetengwa kwa ajili ya maandishi hayo.