Mashine nayo ituonyeshe hesabu

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Lubumbashi, na ninyi wote munaosoma hesabu mu vyuo vikuu vya inchi yetu,

Kuna kitu kila mutu anajua lakini ku oditwari watu wanakinyamazia. Siku hizi mazoezi ya hesabu yanafanywa na telefone. Mwanafunzi anapiga picha ya swali la analizi, anatuma ku ChatGPT ao ku mashine ingine ya akili bandia, jibu linatoka mara moja, anakopia, anatoa kazi. Kisha siku ya egzame inafika, telefone inabaki inje, na karatasi inabaki nyeupe.

Wakubwa wengine wanasema: ni wizi, ikatazwe. Vijana wengine wanasema: ni maendeleo, mutuache. Sisi tunaona pande zote mbili zinapita pembeni ya shida yenyewe.

Tuanze na ukweli. Mwanafunzi haendi ku mashine juu ya uvivu tu. Anaenda juu oditwari imejaa mpaka watu wanasikilizia ku dirisha, na asistanti ni mumoja. Anaenda juu silabusi inauzwa, na mazoezi yako ndani bila jibu hata moja. Anaenda juu TP zinarukwa, na ukisimama kuuliza swali, wenzako wanacheka. Saa tano ya usiku umekwama ku limiti, utaamusha nani? Mashine haichoki, haitukani, haikuulizi kama umemaliza kulipa minervali. Zamani mutoto wa tajiri njo alikuwa na mwalimu wa kumurudilia masomo ku nyumba. Leo mutoto wa mama muuza ndizi anaweza kupata kitu kinachofanana na ule mwalimu, kama iko na mega. Hatuwezi kukataza hiyo.

Lakini tujue tuko tunaongea na nani. Mashine hizi zilijengwa kwa kusoma maandishi mengi sana na kutabiri neno linalofuata. Mu mwaka 2024, watu waliziuliza namba gani ni kubwa kati ya 9,11 na 9,9. Nyingi zilijibu 9,11. Mwaka mumoja kisha, mu mwezi wa saba 2025, mashine za majaribio za Google DeepMind na za OpenAI zilipata pointi 35 juu ya 42 mu maswali ya Olimpiki ya kimataifa ya hesabu, kiwango cha medali ya zahabu. Kwa hiyo musikubali anayesema mashine haijui kitu, na musikubali anayesema haikosei. Kitu cha kuogopa ni hiki: inapojibu kweli na inapojibu uongo, sauti ni ile ile moja. Hata ukiiambia kwa nguvu kwamba imekosea wakati iko sawa, mara nyingi inaomba samahani na kukubali kosa ambalo haikulifanya.

Na hata ingekuwa haikosei kamwe, shida ingebaki. Utafiti mumoja ulifanywa Uturuki na wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari, mu somo la hesabu, ukachapishwa mwaka 2025 mu gazeti la kisayansi PNAS. Wanafunzi waliopewa mashine ya kawaida walifanya mazoezi vizuri kuliko wale wasio na mashine, kwa asilimia 48. Wakati wa egzame walinyanganywa ile mashine. Walianguka chini ya wale ambao hawakuwa nayo hata siku moja, kwa asilimia 17. Kundi la tatu lilipewa mashine iliyopangwa isitoe jibu, itoe tu alama ya njia. Hao walipanda asilimia 127 mu mazoezi, na ku egzame hasara ile karibu yote iliisha. Akili bandia ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namna ilivyopangwa kumusaidia mwanafunzi.

Mutauliza: hii inahusu nini mwendo wa raiya?

Inatuhusu kabisa. Kila siku tunaambia viongozi: mutuonyeshe hesabu. Barabara ni kilometa ngapi, kila kilometa bei gani, pesa ingine ilienda wapi? Ili kuuliza hivyo na kusikilizwa, lazima ujue kuhakikisha mwenyewe. Na hesabu ni fasi moja ambapo hakuna mukubwa. Teoremi haiko kweli juu profesa amesema. Iko kweli juu kuna uhakikisho, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuufuata mustari kwa mustari na kuinua mukono: hapa haipite. Kijana anayezoea kupokea jibu bila uhakikisho toka ku telefone, kesho atalipokea vilevile toka ku ofisi ya mukubwa. Na kama ni enjinia, watu watapita juu ya daraja lake.

Basi, namna ya kutumia:

1. Kalamu kwanza. Pigana na swali ku karatasi dakika ishirini mbele ya kufungua telefone. Ukikwama, utajua umekwama fasi gani, na swali lako litakuwa swali la kweli. Tena karatasi haingoje umeme urudi.

2. Usiombe jibu. Andika hivi: «Usinipe jibu. Hii njo kazi yangu. Nionyeshe mustari wa kwanza wenye kosa, kisha uniulize swali moja.» Ikikupa jibu lote, ikatalie.

3. Hakikisha kwa mukono wako. Imekupa integrali? Tafuta derive ya jibu, urudi ulikotoka. Imekupa suluhisho la ekwasyo? Liingize ndani. Imekupa kinyume cha matrisi? Zidisha zote mbili, uone kama unapata matrisi ya moja-moja. Hiyo haiombi mega.

Tuchukue mufano. Ongeza 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4, na kuendelea bila mwisho. Vipande vinapunguka kuelekea sufuri, kwa hiyo mutu wa haraka, ao mashine ya haraka, atakuambia jumla itasimama fasi fulani. Shika kalamu. 1/3 + 1/4 inapita nusu. Toka 1/5 mpaka 1/8, vipande vine, vinapita nusu tena. Vipande munane vinavyofuata, vilevile. Unaongeza nusu, na nusu ingine, na ingine, bila kuisha: jumla haisimami hata kidogo. Nicole Oresme alionyesha hivyo Ufaransa mu karne ya 14, bila umeme na bila intaneti. Wewe pia unaweza kuikamata mashine yoyote kwa mistari mine kama hii.

4. Ulielewa? Eleza mwenzako mu Swahili yetu, telefone ikiwa mu mufuko. Tunasomea mu Kifaransa, na vitu vingi tunavikariri bila kuvishika. Unaweza kuomba mashine ikueleze mu Kiswahili, itajaribu, ingawa mara nyingi inaongea kama mutu wa Dar es Salaam. Lakini siku utaweza kumueleza ndugu yako wa mutaa ni nini limiti, kwa maneno ya hapa kwetu, njo siku umeijua.

5. Musome kwa kikundi. Telefone moja, watu watano, mega za kuchangia. Mumoja anauliza, wane wanatafuta kosa. Asiye na telefone asibaki inje.

Lakini mwanafunzi peke yake hawezi kubeba yote. Kwa wakubwa wa vyuo tunadai vitu vitatu. Muandike kanuni wazi: wapi akili bandia inaruhusiwa, wapi hapana. Kukataza kwa mudomo ku oditwari, halafu kuazibu yule mumoja aliyekamatwa, siyo kanuni. Mutoe silabusi pamoja na majibu ya mazoezi, bila kuuzisha majibu hayo. Na murudishe TP za kweli, ambapo mwanafunzi anaitwa ku ubao na kueleza kazi aliyotoa. Dakika tano ku ubao zinaonyesha nani alifikiri na nani alikopia. Mukiogopa mashine kuliko oditwari zenye kujaa, mumekosea adui.

Na kwenu, wenzetu: mwenye diploma bila kujua hesabu, anayejua atamuongoza. Ukiona jibu muzuri linatokea mu telefone, sema kile tunachowaambia viongozi wetu wote. Tuonyeshe hesabu. Kisha kamata kalamu, uihesabu wewe mwenyewe.