Picha za Pinga: Tugeuze nakala, tusifute faili ghafi

Mwanahabari yeyote aliyefanya kazi Pinga anaijua hali hii. Kadi ya kamera imejaa, betri inakaribia kuzimika, rezo inakuja na kupotea, na chumba cha habari mjini Goma kinangoja picha. Faili ghafi moja, yaani picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kutengenezwa, inaweza kupita mega 25. Ukiigeuza kuwa JPEG inashuka hadi mega tano au sita, na ukiipitisha WhatsApp inakuwa nyepesi zaidi. Basi unageuza, unatuma, kisha unafuta zile kubwa ili kadi ipate nafasi ya kesho.

Ni hapo kwenye kufuta ninapopinga, na ninasema kwa sababu nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za nyumba zilizochomwa, zikachapishwa, nikasahau. Baadaye mwanasheria mmoja aliyekuwa akiwasaidia wahanga akaniomba picha za asili. Nilibaki na zile za WhatsApp tu: hazina tarehe, hazina saa, hazina alama ya kamera. Alinishukuru kwa heshima, hakuzitumia.

Kugeuza si kosa. Kurasa za mtandao hazifungui CR2 ya Canon wala NEF ya Nikon, kwa hiyo JPEG ni lazima. Lakini faili ghafi hubeba mwanga kwa biti 12 au 14, JPEG huishia 8, na kilichotupwa hakirudi. Ukuta wenye matundu ya risasi uliopigwa jioni unaweza kuonekana tena ukirudi kwenye faili ghafi. Kwenye JPEG utapata doa jeusi.

Wenzangu wengine hunikumbusha kwamba Reuters, mwaka 2015, iliwakataza wapiga picha wa kujitegemea kutuma picha zilizogeuzwa kutoka faili ghafi. Ni kweli, ilitaka JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Lakini kamera nyingi huandika zote mbili kwa mbofyo mmoja: tuma JPEG, weka ghafi. Na shindano la World Press Photo hudai faili za asili kabla ya kutoa tuzo.

Kwetu si mambo ya tuzo. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi mjini Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu uliotendwa mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje, wilaya ya Kalehe. Picha zilizopigwa kwa eyeWitness, programu ya simu inayolinda saa na mahali pa picha, zilikuwa sehemu ya ushahidi. Kesi ilichukua miaka sita kufika hapo. Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake la NDC liligombania Pinga na APCLS, alihukumiwa Goma Novemba 2020, ukiwemo ubakaji wa halaiki wa mwaka 2010 wilayani Walikale. Hiyo ni miaka kumi! Ni mwanahabari gani kati yetu bado ana kadi yake ya 2010?

Najua hofu ya vizuizi barabarani. Kadi yenye sura za mashahidi inaweza kumuua mtu. Ndiyo maana wakuu wa vyombo vyetu vya habari, Goma, Butembo na Bukavu, wanapaswa kununua disko mbili zenye neno la siri, moja ikae mbali na ofisi, na wasimwachie ripota anayelipwa kwa kila habari aamue peke yake nini cha kufuta. Pesa za programu si kisingizio: darktable na RawTherapee ni za bure.

Na kabla ya kupanda pikipiki kwenda Pinga, rekebisheni saa ya kamera. Nyingi nilizoziona bado zina saa ya Kinshasa, iliyo nyuma yetu kwa saa moja.