Tusizionee Haya Mbaazi Zetu

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, nyumba nyingi hupika leo kwa fedha za kesho. Mama akiulizwa atapika nini, kabla ya kutazama kabati hulikumbuka kwanza daftari la mwenye duka. Maisha yamepanda, hilo halina ubishi. Mwaka 2022 tuliona mafuta ya kupikia na unga wa ngano vikipanda bei kwa ghafla, na walioumia zaidi walikuwa wenye kipato kidogo. Lakini uko mzigo mwingine ambao tumejitwika wenyewe, nao ni haya ya kupika chakula cha bei nafuu.

Imezoeleka kwetu kuamini kwamba mlo wa heshima ni wali na nyama. Mgeni akipiga hodi, mtoto hutumwa buchani hata kama kodi ya nyumba haijalipwa. Mbaazi tunazila asubuhi kwa mahamri, tena kwa furaha. Zikiandaliwa usiku, baba hukunja uso. Muhogo nao tumeuachia Ramadhani, kana kwamba tumbo la Shawali ni jingine.

Mimi naona fikira hizi zinatutia umasikini bure. Chukua nusu kilo ya mbaazi kavu. Ziroweke usiku kucha, nawe utaokoa makaa, maana zitaiva upesi. Kuna nazi moja, ukamue tui zito uliweke kando, kisha utie maji ukamue tui jepesi. Mbaazi zikishaiva, tia tui jepesi, kitunguu, manjano, chumvi na pilipili mbichi. Likishakolea, malizia kwa tui zito, ukikoroga polepole lisikatike. Watu sita watakula kwa sima au kwa wali na kushiba.

Au pika mseto. Choroko, ambazo Mombasa tunaziita pojo, hupikwa pamoja na mchele katika sufuria moja, juu ya moto mmoja. Faida yake ni mbili. Mchele unaotumika hupungua, nao ni bidhaa ambayo Kenya huagiza sehemu kubwa kutoka nje. Pili, wataalamu wa lishe wametufundisha kwamba nafaka na jamii ya kunde hukamilishana: upungufu ulio katika protini ya mchele hufidiwa na ile ya pojo. Kwa hiyo mtoto aliyekula mseto hakupunjwa.

Samaki pia ana hesabu yake. Wakati wa kusi bahari huchafuka, wavuvi wengi hawatoki, na bei hupanda. Wakati huo kung'ang'ania changu na kolekole ni kujitafutia deni. Ng'onda kidogo katika mchuzi wa nazi hutia ladha sufuria nzima, na mchicha au kisamvu kilichopondwa vizuri hujaza sahani. Muhogo nao hustahimili ukame kuliko mahindi. Wenye umri wanaukumbuka mwaka 1984, ukame ulipoyaua mahindi na tukala unga wa manjano ulioletwa kutoka ng'ambo. Zao la kutuvusha katika shida kama ile si la kudharauliwa. La muhimu ni kuumenya na kuupika mpaka uive barabara, kwa kuwa una sumu; na ule mchungu kuumenya na kuupika tu hakutoshi, sharti kwanza ulowekwe au uchachushwe.

Sasa nina neno kwa akina baba. Sheria ya dini yetu imeweka nafaka ya nyumba juu ya mume, kwa kadiri ya uwezo wake. Basi atoaye kidogo kwa kuwa ndicho alicho nacho hana lawama. Lawama ni ya yule atoaye kidogo, akala nyama choma hotelini na wenziwe, kisha akarudi nyumbani kulaumu mchuzi. Huyo anamfundisha mwanawe kudharau mkono wa mamake.

Na Ramadhani, mwezi wa kujizuia, ndio umekuwa mwezi wa madeni. Futari ya aina saba huandaliwa, na nusu yake humwagwa kabla ya daku. Tumekatazwa israfu, nasi twaifanya wakati jirani anafuturu kwa maji na kipande cha muhogo. Bakuli moja la mbaazi likimvukia ukuta lingekuwa na baraka kuliko sahani tano za fahari.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi mgeni atakapokuja, tumkaribishe kwa mseto na ng'onda, kwa uso mkunjufu, wala tusimwombe radhi kwa chakula cha halali kilichopikwa vizuri. Watoto wetu wakituona tunakula hivyo bila kuinamisha vichwa, nao wataanza nyumba zao bila daftari la deni. Mtu hujikuna ajipatapo.