Msumbiji: Bunduki Zilinyamaza, Mapatano Bado



Nami nina machache juu ya ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Wapo wasemao, hata walimu wenzangu, kwamba vita ya Msumbiji iliisha tarehe 4 Oktoba, 1992, Rais Chissano na Ndugu Dhlakama wa RENAMO walipotia sahihi mkataba wa Roma. Sikubaliani nao. Siku ile zilinyamazishwa bunduki tu.

Sibezi kazi iliyofanyika. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1994, na wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirejea kwao. Lakini mshindi alichukua vyote. Magavana wote waliteuliwa kutoka Maputo, hata wa Sofala na Zambezia ambako RENAMO ilipata kura nyingi. Dhlakama naye akabaki na walinzi wenye silaha. Mwaka 2013 risasi zikalia tena! Ilibidi mkataba mwingine utiwe sahihi Agosti 2019, Dhlakama akiwa amekwisha fariki, na kambi ya mwisho ya wapiganaji wake ikafungwa Juni 2023. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni miaka mingapi tangu Roma.

Tena kuna suala la msamaha. Mwaka ule ule wa 1992 ilipitishwa sheria ya kusamehe pande zote, wala hapakuundwa tume ya kuuliza nani alimtenda nini nani. Serikali ilisamehe kwa niaba ya waliofiwa. Huko Gorongosa wanavijiji waliachiwa waganga wao na matambiko yao. Mimi si mshabiki wa waganga, lakini angalau mbele yao mtu alitakiwa kusema alilolitenda.

Hapa kwetu yuko mzee aliyevuka mto wakati wa vita ile. Wenzake waliporudi, yeye alibaki. Nilipomwuliza sababu, alisema aliyechoma nyumba yake ni jirani yake, na hadi leo hajamwambia neno. Mjukuu wa mzee huyo namfundisha darasa la nne.

Huko Cabo Delgado mapigano yalianza Oktoba 2017, na watu wamekimbia makwao kwa malaki. Ipo siku wakubwa wataketi mezani juu ya jambo hilo nalo. Je, aliyechomewa nyumba atapewa kiti, au ataletewa tena karatasi iliyokwisha tiwa sahihi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkumbi, Mbinga.