Kalamu ya Jenerali Mola

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, baadhi yetu wasomapo habari za vita vya Hispania vya mwaka 1936 husema kwamba vilizuka kwa hasira za watu. Hasira zilikuwapo kweli. Lakini mimi naona hasira peke yake haipangi vita. Yahitaji mtu wa kuiandikia amri.

Mtu huyo alikuwa Jenerali Emilio Mola. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha kumlaumu Azaña kwa jinsi alivyolitengeneza upya jeshi. Hapo sioni kosa, maana alisema aliyoyaamini na jina lake likawapo. Lakini baada ya vyama vya kushoto kushinda uchaguzi wa Februari 1936, Serikali ilimhamisha kutoka Morocco hadi Pamplona, na huko akaanza kuandika kwa siri. Waraka wa kwanza ulitoka mwezi wa Aprili. Hakutia jina lake, bali alijiita Mkurugenzi. Aliwaagiza maofisa wenzake kwamba maasi yawe ya ukali mno, na viongozi wa vyama visivyowaunga mkono wafungwe na kuadhibiwa ili wengine waogope.

Wako wanaomtetea. Wasema nchi ilijaa fujo, hata mbunge Calvo Sotelo akauawa, basi askari angefanyaje? Fujo sizikatai. Lakini Calvo Sotelo aliuawa tarehe 13 Julai, na waraka ulikwisha andikwa tangu Aprili. Je, dawa hutangulia ugonjwa?

Tena mtazameni Jenerali Batet, mkubwa wake Mola. Tarehe 16 Julai walikutana, na Batet akamtaka aseme kweli. Mola akampa neno lake kwamba hatajiingiza katika jambo la namna hiyo. Siku tatu baadaye akaasi. Batet alikataa kuvunja kiapo chake. Alikamatwa, na Februari 1937 akapigwa risasi.

Mola alitazamia kushinda upesi. Madrid na Barcelona zikamshinda, na kazi ya siku chache ikawa vita vya karibu miaka mitatu. Watu laki kadhaa walikufa. Upande wa Jamhuri nao uliua bila huruma, wakiwamo mapadre na watawa zaidi ya 6,000. Mola mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 3 Juni 1937, asiuone mwisho wa alichokianzisha. Na Franco akatawala hadi alipokufa mwaka 1975. Maji yakimwagika hayazoleki.

Huenda mtu akasema kwamba wanyonge nao huficha majina yao. Ni kweli, kwa kuwa wamwogopa mwenye nguvu. Mola hakuwa mnyonge: alikuwa na askari, na mshahara alilipwa na Serikali ile ile aliyoiapia.

Sisi twafundishwa hapa kuandika insha nzuri. Rai yangu ni kwamba atakayekuwa ofisa siku moja akiona Serikali yakosea, na avue kwanza nguo za jeshi, kisha aandike na kutia sahihi yake.