Kilatini cha Daktari na Mgonjwa wa Mpakani

Mgonjwa atokaye hospitalini mjini Busia, au katika zahanati yoyote ya Malaba, hukabidhiwa cheti cha dawa chenye herufi asizoweza kuzifumbua hata angekuwa mwalimu mwenye shahada. Herufi hizo ni za Kilatini. "Bd" ni bis die, yaani mara mbili kwa siku. "Tds" ni ter die sumendum, itumiwe mara tatu kwa siku. "Ac" ni kabla ya chakula na "pc" ni baada yake. "Prn" ni pale haja itokeapo, na "stat" ni papo hapo. Hata ile alama ya Rx ni neno recipe, "chukua": daktari anamwamuru muuza dawa, wala hasemi na mgonjwa.

Wako wanaodai kwamba Kilatini hiki ni hila ya kuwaficha wananchi mambo. Siafikiani nao. Huku mpakani, cheti kilichoandikwa upande wa Kenya chaweza kusomwa bila taabu na muuza dawa wa upande wa Uganda, kwani nchi zote mbili zilirithi mtindo huo kwa Waingereza.

Hatari zipo, hata hivyo. "Od" ni omni die, mara moja kwa siku. Lakini kwa waganga wa macho ni oculus dexter, jicho la kulia. Huko Marekani, Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali, kiliziweka "QD" (kila siku) na "QOD" (siku moja baada ya nyingine) katika orodha ya mwaka 2004 ya vifupisho visivyofaa kutumiwa, kwa kuwa vilikuwa vikichanganywa.

Ila dhara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, limo katika bahasha ya dawa. Humo huandikwa "1x3". Mwanafunzi wa hisabati atajibu tatu, naye mgonjwa aweza kumeza vidonge vitatu kwa mpigo, au kimoja kimoja kwa siku tatu! Tuchukue dawa ya malaria iitwayo AL. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6 katika siku 3, jumla 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Sasa mwambie mgonjwa "meza tena baada ya saa nane". Aliyeanza saa nne asubuhi atadhani ni saa nane mchana, ilhali wakati wake ni saa kumi na mbili jioni.

Hata usemi wetu uliozoeleka, "kutwa mara mbili", haujatuokoa. Kutwa ni tangu macheo hadi machweo. Anayeufuata kikamilifu atameza asubuhi na alasiri, kisha usiku kucha akae bila dawa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, yakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi Kilatini na kibaki baina ya daktari na muuza dawa, lakini bahasha iandikwe wazi: "Vidonge 4 asubuhi, vidonge 4 jioni, baada ya chakula, siku 3." Walimu wa Kiswahili nao waweza kuipeleka bahasha tupu darasani iwe zoezi la ufahamu, ni matini fupi kuliko yoyote katika vitabu vya kiada, na wanafunzi wengi ndio wanaowasomea nyanya zao nyumbani. Na muuza dawa asimwachie mgonjwa aende zake kabla hajayarudia maagizo kwa kinywa chake mwenyewe, kwa Kiswahili, Kiteso au Kiluhya.