Msituibie Dakika za Kupima



Wako wenzetu hapa Gatina wanaouliza, sisi watu wa reli yatuhusu nini mambo ya ndege? Twawajibu. Dada zetu na watoto wetu wapanda ndege kwenda kutafuta kazi Ghuba. Wafanya kazi wa uwanja wa ndege wanapanga vyumba katika mitaa hii hii yetu. Tena ugonjwa unaoua watu angani twaujua sana relini: mkubwa anapunguza dakika za kupima, mdogo anatia sahihi.

Gari moshi haliondoki mpaka breki zijaribiwe toka kichwa hata behewa la mwisho. Katika yadi moja, ambayo hatutaitaja, mwenzetu aliletewa karatasi ya breki kabla hajafika behewa la tatu, akaambiwa, "Tia tu, tumechelewa." Akakataa. Akaitwa mvivu mbele ya watu. Lau angetia, na mabehewa yakamshinda mteremkoni, nani angeulizwa? Si yule aliyesema "tia tu".

Sasa tazameni ndege. Ndani yake mna kompyuta yenye programu ya kuonyesha njia, na orodha ya vituo na viwanja ambayo hubadilishwa kila siku 28. Kabla ya kuruka, marubani wanapaswa kuona kama orodha ni ya tarehe hizi au imekwisha muda, na kama mashine yajua ndege imesimama wapi. Kisha mmoja asome njia iliyomo, kituo kwa kituo, upande na maili, na mwenziwe afuate katika karatasi. Ni kazi ya dakika chache tu, na ndizo zinazoibwa kwanza safari ikichelewa.

Lakini hata karatasi yaweza kudanganya pamoja na mashine. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya New Zealand iligonga mlima Erebus kule Antaktika, wakafa wote 257. Rubani alikuwa ameichora njia yake katika ramani nyumbani, kwa namba alizopewa. Usiku ule ule ofisi ikazibadilisha namba, wala haikumwambia. Asubuhi karatasi na mashine zilipatana vizuri kabisa, maana zote mbili zilitoka mkono mmoja, na njia mpya ilielekea mlimani. Kwanza lawama ikawekwa juu ya marubani, maiti hajitetei. Mwaka 1981 Jaji Peter Mahon akaona kwamba kosa kubwa ni kubadilisha namba bila kuwaambia watu wa ndege.

Hapa kwetu Nairobi, Septemba 1974, ndege kubwa ya Waingereza iliambiwa ishuke mpaka futi 7,500. Waliomo wakasikia 5,000, wakashuka kwa hesabu hiyo. Na uwanja wetu wenyewe uko juu zaidi ya futi 5,300! Wangeitazama namba ile pamoja na ramani wangejua kwamba wanatumwa chini ya ardhi. Zilibaki futi kama 70 tu ndipo wakainua ndege. Hakuna aliyekufa, ndiyo sababu wengi hawaikumbuki.

Ile ya tarehe 10 Machi 2019 twaikumbuka. Ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka Addis Ababa, wakafa 157, na Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa jingine lolote. Programu ya MCAS katika Boeing 737 MAX haikuwa ya njia, ilikuwa ya kusukuma pua ya ndege chini, nayo ilisikiliza kipimo kimoja tu, na kipimo kile kilikuwa kibovu. Mwanzoni kiwanda hakikuiandika katika kitabu cha marubani. Walikuja kuelezwa baada ya ndege ya Lion Air kuanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, pamoja na watu 189. Mtu atapimaje kitu alichofichwa?

Basi mabwana wasituambie mashine haikosei. Mashine hufanya ilivyoagizwa, na aliyeiagiza ana mshahara na haraka kama mtu mwingine. Twataka dakika za kupima zihesabiwe kuwa kazi, ziandikwe katika saa zetu, asiwepo wa kuzipunguza. Namba ikibadilishwa ofisini, atakayeitumia aambiwe kwa mdomo na kwa maandishi kabla hajakaa kitini. Na anayesimamisha ndege au gari moshi kwa sababu hakuridhika asikatwe hata senti moja, hata ikionekana baadaye kwamba hapakuwa na kasoro.

Tena ninyi wenzetu mnaotia sahihi ili mfike nyumbani mapema, twawajua, maana nasi tumewahi kufanya hivyo. Tuache. Mwenzetu wa yadi ile yuko kazini bado. Siku akiletewa karatasi tena, aliye karibu aende asimame kando yake.